Vimeng'enya na protini zinazozuia saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wanafunzi wa baiolojia, wauguzi, na watu waliosoma ripoti ya uvimbe wakakuta "p53" wasijue ni kitu gani. Sijayajibu kwa urefu sawa kwa sababu hayana uzito sawa. Jambo moja ningependa lieleweke kuliko mengine yote: seli kuwa na protini ya kuzuia saratani ni jambo moja, na protini hiyo kuwa kazini ni jambo jingine. Anayeamua kati ya hayo mawili, mara nyingi, ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli.

Protini inayozuia saratani ni protini gani?

Ni protini inayoizuia seli isigawanyike ovyo, au inayosaidia kurekebisha DNA iliyoharibika, au inayoiamuru seli ijiue pale uharibifu unapozidi. Zinazotajwa zaidi ni p53, RB, PTEN, BRCA1 na VHL.

RB ndiyo iliyofungua njia. Mwaka 1971 Alfred Knudson alichunguza takwimu za watoto wenye saratani ya retina ya jicho, akapendekeza kwamba uvimbe huanza pale mapigo mawili yanapoipata seli. Baadaye ilieleweka kwamba mapigo hayo ni kuharibika kwa nakala zote mbili za jeni moja, na mwaka 1986 jeni hiyo ilipatikana. p53 ilipita njia ndefu zaidi. Iligunduliwa mwaka 1979, na kwa miaka kama kumi wengi waliamini inachochea saratani, kwa sababu nakala walizokuwa wakizifanyia kazi maabara zilikuwa zimeharibika tayari. Mwaka 1989 ndipo ilipobainika kuwa p53 nzima hufanya kinyume kabisa.

Leo inajulikana kwamba karibu nusu ya saratani za binadamu zina jeni ya p53 yenye kasoro. Mimi hunivutia zaidi ile nusu nyingine, ambayo jeni ni nzima na saratani ipo vilevile.

Protini kubadilishwa kikemia ni sawa na mutesheni?

Hapana, na watu wengi hukwama hapa. Mutesheni ni kosa katika maandishi ya jeni. Likishaingia halifutiki, na seli zote zitakazozaliwa na seli hiyo zitalirithi. Alama ya kikemia huwekwa juu ya protini ambayo imekwisha kutengenezwa, na inaweza kuondolewa baada ya dakika chache bila jeni kuguswa.

Chukua p53. Ni mnyororo wa asidi amino 393, yaani vipande vidogo vinavyoijenga protini. Kimeng'enya huja, hushika asidi amino moja kati ya hizo, na kuipachika kikundi kidogo cha atomi. Ukisoma "serini 15", maana yake ni serini iliyo nafasi ya 15 ukihesabu tangu mwanzo wa mnyororo. Kinasi hupachika fosfeti kwenye serini, threonini au tairosini, na fosfatasi huiondoa. Vimeng'enya vingine hupachika asetili au metili kwenye laisini. Vingine hupachika ubikuitini, ambayo yenyewe ni protini kamili yenye asidi amino 76.

Kwa nini kitu kidogo namna hiyo kibadilishe tabia ya protini nzima? Kwa sababu ya chaji. Fosfeti huja na chaji hasi mbili mahali ambapo hapakuwa na chaji yoyote. Kipande cha protini kilichokuwa kimetulia kwenye kishimo kinachokwepa maji hakiwezi tena kukaa humo. Asetili nayo hufuta chaji chanya ya laisini, na mkono uliokuwa ukishika kitu hukiachia. Edmond Fischer na Edwin Krebs walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa kuonyesha kwamba fosfeti huwekwa na kuondolewa na seli huitumia kama njia ya kuongoza kazi zake.

Kwa nini seli isitengeneze tu protini zaidi inapozihitaji?

Haina muda. Kunakili jeni, kusafirisha nakala nje ya kiini na kujenga protini huchukua dakika nyingi hadi saa. Kupachika fosfeti ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Ni kweli p53 huharibiwa kila wakati hata kama hakuna ugonjwa?

Ni kweli. Katika seli isiyo na tatizo, nusu ya p53 iliyopo huwa imekwisha ndani ya dakika 20 hivi. Seli huijenga na kuivunja, huijenga na kuivunja. Ni kama mtungi unaojazwa maji huku una tundu chini: siku ya haja huhitaji kungoja mvua, ziba tundu tu na maji yatapanda.

Tundu hilo linaitwa MDM2. Ni kimeng'enya kinachoikamata p53 karibu na mwanzo wa mnyororo wake. Asidi amino tatu za p53, yaani fenilalanini 19, triptofani 23 na lusini 26, huingia kwenye kishimo cha MDM2 kama vidole kwenye glavu. Ikishakamatwa, MDM2 husaidia kuipachika ubikuitini kwenye laisini zilizo mwishoni mwa mnyororo. Ubikuitini zikiungana nne au zaidi, p53 hupelekwa kwenye proteasomu, ambayo ni kinu cha seli cha kusaga protini, na huko hukatwa vipande vipande. Ugunduzi wa mfumo huu wa ubikuitini uliwapa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Sasa sikiliza jambo hili. Jeni ya MDM2 huwashwa na p53 yenyewe. p53 ikipanda, MDM2 hupanda, na MDM2 ikipanda, p53 hushuka. Umuhimu wa mzunguko huu ulionekana waziwazi mwaka 1995. Panya walioondolewa jeni ya Mdm2 walikufa wakiwa viinitete vichanga sana. Lakini walipoondolewa Mdm2 na p53 kwa pamoja, walizaliwa na kukua. Kwa maneno mengine, kilichowaua wale wa kwanza ni p53 iliyokosa wa kuizuia. Nimelifundisha jaribio hili mara nyingi na bado sijalizoea.

DNA ikikatika, hatua zinafuatanaje?

Mionzi inapokata nyuzi zote mbili za DNA, wa kwanza kupata habari ni kinasi iitwayo ATM. Wakati wa utulivu molekuli zake hukaa mbili mbili zimeshikana na hazifanyi kazi. Mkato ukitokea, molekuli ya ATM humpachika mwenzake fosfeti kwenye serini 1981, zinaachana, na kila moja inakuwa tayari. Hayo yote hutokea ndani ya dakika chache. Watu waliozaliwa bila ATM inayofanya kazi hupata ugonjwa wa ataksia-telanjiektasia: mwendo wao huyumba, mionzi huwadhuru kupita kiasi, na hatari yao ya saratani ni kubwa.

ATM ikishaamka hufanya mambo kadhaa kwa pamoja. Huipachika p53 fosfeti kwenye serini 15. Huamsha kinasi nyingine, CHK2, ambayo nayo huigusa serini 20. Hapa vitabu vingi hurahisisha mno na kusema fosfeti ya serini 15 ndiyo inayomfukuza MDM2. Peke yake haina nguvu hiyo. Kazi yake kubwa ni kumkaribisha kimeng'enya mwingine, kinasi CK1, aweke fosfeti kwenye threonini 18, na hiyo ndiyo inayochomoa kweli vidole kutoka kwenye glavu. ATM pia huipachika MDM2 yenyewe fosfeti, na uwezo wake wa kuiangamiza p53 hupungua.

Tundu limezibwa, na p53 inajaa. Molekuli nne huungana, hushika DNA na kuwasha jeni kadha wa kadha. Mojawapo ni ya protini p21, ambayo huzizuia kinasi zinazosukuma mgawanyiko wa seli. Seli husimama ilipo ili marekebisho yafanyike. Uharibifu ukizidi, kinasi kama HIPK2 huweka fosfeti kwenye serini 46, na p53 yenye alama hiyo huelemea kwenye jeni za kuiua seli.

p53 ikishawashwa hubaki hivyo hadi DNA ipone?

Kwa muda mrefu tulidhani hivyo, kwa sababu tulikuwa tukisaga mamilioni ya seli pamoja na kupima wastani. Mwaka 2004 watafiti waliziangalia seli za saratani ya titi moja moja chini ya hadubini, p53 ikiwa imeunganishwa na protini inayong'aa. Baada ya mionzi, kila seli ilionekana ikiwaka na kufifia, ikiwaka na kufifia, kila baada ya saa tano hadi sita hivi. Mionzi ilipoongezwa, mwako haukuwa mkali zaidi. Kilichoongezeka ni idadi ya miwako. Ni ule mzunguko wa p53 na MDM2 ukifanya kazi mbele ya macho.

Asetili na metili zina kazi gani?

Asetili huwekwa na vimeng'enya p300 na CBP kwenye laisini za mwisho wa p53. Hilo lilionyeshwa mwaka 1997, wakati ambapo vimeng'enya hivyo vilijulikana kwa kuzifanyia kazi histoni, zile protini ambazo DNA huzizunguka. Laisini hizo ni zilezile ambazo MDM2 huzitaka kwa ajili ya ubikuitini. Aliyewahi ndiye mwenye nafasi. Laisini yenye asetili haiwezi kupokea ubikuitini. Kimeng'enya TIP60 huweka asetili kwenye laisini 120, iliyo katika sehemu inayoshika DNA, na alama hiyo huisukuma seli kuelekea kujiua. Kimeng'enya SIRT1 huziondoa asetili, na ili kufanya hivyo hutumia molekuli ya NAD+, ambayo wingi wake hufuata hali ya nishati ndani ya seli.

Metili ni ndogo mno na haibadilishi chaji, lakini nafasi yake ni kila kitu. SETD7 ikiiweka kwenye laisini 372, p53 huimarika. SMYD2 ikiiweka kwenye laisini 370, asidi amino mbili tu pembeni, p53 hupoa.

Je, kila alama ni ya lazima?

La. Na hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wapunguze kasi. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya panya ambao laisini saba za mwisho wa p53 zilibadilishwa ziwe ajinini, isiyoweza kupokea ubikuitini wala asetili mahali hapo. Kwa hesabu ya kitabuni, p53 ilipaswa kujaa tele. Haikujaa, maisha yake yalibaki karibu yaleyale. Seli ina njia za akiba.

Mwaka 2012 yakaja mengine ya kushangaza zaidi. Laisini tatu katika sehemu inayoshika DNA zilibadilishwa, na p53 ikapoteza uwezo wa kusimamisha seli, kuizeesha na kuiua. Panya wasio na p53 kabisa huota uvimbe mapema. Hawa hawakuota. p53 yao ilikuwa bado inaongoza baadhi ya jeni za matumizi ya nishati. Kwa hiyo ukiona mchoro wenye mishale iliyonyooka kutoka alama moja hadi tokeo moja, uusome kwa tahadhari.

RB nayo huwashwa kwa fosfeti?

Huzimwa kwa fosfeti. Alama ileile inayoiamsha p53 ndiyo inayoilaza RB, na ndiyo maana hatuwezi kusema fosfeti ni nzuri au mbaya.

RB isiyo na fosfeti nyingi huikumbatia E2F, protini inayowasha jeni za kunakili DNA. Maadamu imekumbatiwa, seli haigawanyiki. Seli ikipokea wito wa kukua, kinasi CDK4 na CDK6 zikiwa na mwenzao saiklini D huanza kuipachika RB fosfeti, kisha CDK2 hukamilisha. RB hujikunja, mikono inalegea, E2F inaondoka. Mgawanyiko ukiisha, fosfatasi PP1 hufuta alama na RB hurudi kazini. Rudia pale juu kwenye p21: kwa kuzizuia kinasi hizi, p53 huiacha RB bila fosfeti. Protini mbili tulizozisoma kama sura tofauti zinashikana mikono hapo.

PTEN ni kimeng'enya au ni protini ya ulinzi?

Vyote viwili. PTEN, iliyotambuliwa mwaka 1997, huondoa fosfeti kwenye mafuta ya utando wa seli na hivyo kuzima wito wa kukua. Yenyewe pia hupachikwa fosfeti kwenye mkia wake na kinasi CK2. Mkia hujikunja juu ya mwili, na PTEN inakuwa imara zaidi lakini mvivu. Haidrojeni peroksaidi nayo inaweza kuunganisha sisteini yake ya 124, iliyo katikati ya sehemu ya kazi, na sisteini 71, na PTEN ikafungwa mdomo hadi kifungo hicho kifunguliwe.

Jeni ikiwa nzima, saratani inapita wapi?

Inapita kwa wale wanaoweka alama. Katika aina fulani za saratani ya tishu za mafuta, seli hubeba nakala nyingi za jeni ya MDM2, na p53 nzima husagwa kabla haijafanya lolote. Katika nyingine, protini p16, inayozuia CDK4 na CDK6, hupotea, na RB nzima inapakwa fosfeti mfululizo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi. Protini yake E6 haina uwezo wa kuipachika p53 ubikuitini. Inachofanya ni kumshika kimeng'enya wa seli, E6AP, ambaye kwa kawaida haigusi p53, na kumwelekeza kwake. Kikulacho ki nguoni mwako. Protini nyingine ya kirusi hicho, E7, humalizana na RB. Seli za HeLa, zinazotumiwa sana maabara na zilizotoka kwenye uvimbe wa shingo ya kizazi wa Henrietta Lacks mwaka 1951, zina HPV aina ya 18. Jeni yao ya p53 ni nzima hadi leo, lakini protini yenyewe ni haba kwa sababu inaangamizwa kila inapotengenezwa. Chanjo ya HPV, iliyoidhinishwa mara ya kwanza mwaka 2006, huzuia kirusi kuingia, na kwa hiyo huzuia mkondo huu wote kuanza.

Ripoti yangu inasema p53 imeonekana kwa wingi. Si habari njema?

Kwa kawaida siyo, na naelewa kwa nini inachanganya. p53 yenye mutesheni mara nyingi hushindwa kuwasha jeni ya MDM2. Bila MDM2 ya kutosha, haivunjwi, hivyo inarundikana, na kiini cha karibu kila seli ya uvimbe huonekana kimekolea rangi inayotumiwa kuionyesha p53. Kutoonekana kabisa nako kunaweza kuashiria kasoro. Kuonekana hapa na pale kwa rangi hafifu ndiko kunakoendana zaidi na p53 nzima. Lakini maana yake kwa tiba hutegemea aina ya uvimbe, kwa hiyo ripoti hiyo isomwe pamoja na daktari wako.

Kuna dawa zinazolenga vimeng'enya hivi?

Zipo. Palbociclib, inayozuia CDK4 na CDK6, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa aina fulani ya saratani ya titi. Ribociclib na abemaciclib zikafuata mwaka 2017. Zinairudisha RB kazini kwa kuinyima fosfeti. Ndiyo maana, uvimbe ambao umekwisha kuipoteza RB hautarajiwi kunufaika nazo: hakuna wa kurudishwa.

Kwa upande wa p53, mwaka 2004 zilitangazwa molekuli ziitwazo nutlini, zinazokaa kwenye kile kishimo cha MDM2 mahali pa vile vidole vitatu. Dawa zilizotokana na wazo hilo zimejaribiwa kwa wagonjwa. Tatizo ni kwamba hata seli zisizo na saratani hutegemea MDM2, na chembe sahani za damu hushuka. Matokeo hayo yangetarajiwa na yeyote aliyewakumbuka panya wa 1995.

Je, kuna virutubisho vya kuwasha p53?

Hakuna kirutubisho kilichothibitishwa kutibu saratani kwa njia hiyo. Tazama jinsi hoja rahisi inavyojipinga yenyewe: mtu akikuuzia kitu cha kuongeza NAD+, anaweza kukuambia kinaipa SIRT1 nguvu. Lakini SIRT1 ndiyo inayoiondolea p53 asetili. Tafadhali usiache tiba kwa ajili ya hoja za namna hii.

Nikitaka kuziona alama hizi maabara, nianze na ipi?

Anza na RB, kwa sababu utaiona kwa macho. Kuza seli zinazogawanyika kwenye sahani moja, na kwenye nyingine uzinyime seramu, yaani majimaji ya damu yanayozipa wito wa kukua, kwa siku moja au mbili. Zivunje juu ya barafu, na usisahau kuweka vizuizi vya fosfatasi kwenye mchanganyiko. Nimewahi kusahau, na siku nzima ya kazi ikapotea, kwa sababu fosfatasi za seli ziliendelea kufuta alama ndani ya tyubu yangu. Pitisha sampuli kwenye jeli, hamishia kwenye utando, kisha tumia kingamwili ya RB.

Karibu na alama ya kilodaltoni 110 (kipimo cha uzito wa protini) utaona mistari. Kwenye seli zilizonyimwa seramu mstari hukaa chini, mwembamba, umekaza. Kwenye seli zinazogawanyika hupanda juu kidogo na kutanuka kama wino uliolowa, kwa sababu RB yenye fosfeti nyingi husafiri polepole zaidi. Chukua sampuli nyingine ya seli zinazogawanyika, safari hii bila vizuizi, iongezee fosfatasi, iache nusu saa kwenye joto la nyuzi 30, uipitishe tena kwenye jeli. Mstari utakuwa umeshuka.